Kihisi cha kisima Shela: miliampea 4–20 au SDI-12?

MwanaShela: Asalaam alaykum jamaa. Tuna kisima kwenye matuta ya mchanga Shela, na maji ya matuta haya ndiyo tegemeo la mji wa Lamu. Nataka kupima kina na chumvi kila dakika 15. Kinasa data kina betri ya volti 12, ampea-saa 7, na kinatuma kwa mtandao wa simu. Kisima hadi kisanduku ni mita 40. Nichukue vihisi gani: vya 4–20, vinavyotuma kipimo kama mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, au vya SDI-12, vinavyotuma kipimo kama namba za kidijitali? Na antena, fimbo fupi au ya mlingotini?

fundi_mkomani: 4–20. Waya mbili tu, na ukikatika utajua: kipimo kinashuka hadi sifuri, ilhali kisima kikavu kinasoma 4. Rezista ya kinasa kusomea mkondo huo weka ya omu 100, si 250. Ya 250 hula volti 5 maji yakijaa, kihisi kinabaki na 7, na vingi havifanyi kazi hapo.

BintiMalindi: Kaka fundi, na betri je? Kihisi hicho kikiachwa kimewaka usiku na mchana kinaweza kula karibu nusu ampea-saa kwa siku. Ukiongeza modemu, kile kifaa cha kutuma data kwa simu, wiki mbili hazifiki. SDI-12 hulala chenyewe baada ya kupima, na waya tatu zilezile hubeba vihisi kadhaa, mradi kila kimoja kiwe na anwani yake. Kwa kawaida vyote huja na anwani 0, basi vibadilishe kimoja kimoja kabla ya kuviunga pamoja. Mimi nilipoteza siku nzima kwa kutolijua hilo. Kikomo chake ni kama mita 60, kwa hivyo 40 zako zimo.

fundi_mkomani: Kweli dada, ila hilo lina dawa. Kinasa kikiwasha kihisi sekunde 5 tu kila kinaposoma, mara 96 kwa siku, ni chini ya miliampea-saa 3.

MwanaShela: Kwa kuwa nina vipimo viwili, SDI-12 inanivuta. Antena je?

Mzee_wa_Redio: Mwanangu, usikimbilie mlingoti. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 hula kama desibeli 5 kwenye megahezi 900. Zaidi ya nusu ya nguvu imeishia njiani. Pima mtandao kwanza palepale kisimani. Ukishika vizuri, fimbo fupi yatosha. Ukilazimika kupanda juu, nunua kebo nene. Kiungo kizungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, maana upepo wa kusi huingiza chumvi hadi ndani ya nati. Kebo ziingie kwa chini ya kisanduku, zikiwa zimepindwa ili tone lidondoke kabla ya kufika. Wala usiwashe modemu bila antena. Na hizo mita 40 zifukie ndani ya bomba, punda wanapita hapo.

BintiMalindi: Wavu wa chuma unaozunguka nyaya ndani ya kebo ya vihisi nao uunge upande wa kinasa pekee. Ukiungwa pande zote mbili vipimo hurukaruka.

MwanaShela: Shukran sana. Jumamosi naenda kisimani kupima mtandao, nitawaletea namba.