Malaria hasi mara mbili, leo homa imeshuka: dengue inafika hadi kijijini?

mkwe_wa_tatu

Salaam wakuu. Naandika nikiwa pembeni ya kitanda cha mama mkwe. Leo ni siku ya tano tangu homa imwanze, na ilimwanza ghafla: kichwa, hasa nyuma ya macho, na maumivu ya viungo na mgongo ndiyo usiseme. Zahanati wamempima malaria mara mbili, hasi. Muuguzi akasema inaweza kuwa dengue, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, ila kipimo chake hana, akatupa parasetamoli na kusisitiza anywe maji.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza nyumbani. Shemeji anasema dengue ni ugonjwa wa mjini, wa msongamano. Sisi tuko mashambani na kila mtu analala ndani ya chandarua, itatoka wapi? Mume wangu naye kapata vidonge vya diklofenaki, anataka kumpa mama kwa ajili ya viungo. Asubuhi hii mwili umepoa kabisa, watu wanashangilia, na mama mwenyewe anaulizia jembe lake. Lakini tangu alfajiri analalamikia tumbo na anatapika kila akinywa kitu. Nisiyeshangilia ni mimi peke yangu. Tumepona, au?

muuguzi_wa_zamu

Dada, ya mjini na kijijini tutabishana baadaye. Mpelekeni mama leo hii kwenye kituo kinachoweza kupima damu na kutundika dripu. Msisubiri kesho.

Kwa dengue, homa kushuka si lazima iwe nafuu. Kati ya siku ya tatu na ya saba, mara nyingi homa inapoondoka, ndipo mishipa midogo huweza kuanza kuvujisha maji ya damu. Wengi hawafiki huko. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, wanapona. Wachache wanaozidiwa huanza na hayo uliyoyaandika mwenyewe: tumbo kuuma sana na kutapika kusikokatika. Wengine hutoka damu kwenye fizi au puani, hupata choo cheusi, hulegea au hukosa utulivu, mikono na miguu ikawa ya baridi. Ulizeni pia mara ya mwisho amekojoa lini. Ikiwa hakuna anayekumbuka, hilo nalo ni jibu.

Diklofenaki hapana. Ibuprofeni na aspirini pia hapana. Dengue hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni. Dawa ya maumivu ni parasetamoli, na kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kuzidisha kunaumiza ini, ambalo dengue yenyewe huwa imeshalichokoza.

Njiani mpeni ORS kwa kijiko, kidogo kidogo. Mkifika, jambo la kwanza kusema ni tarehe homa ilipoanza na kwamba imeshuka leo. Familia nyingi hufika na rundo la vyeti lakini tarehe hiyo hakuna anayeijua, na ndiyo inayoamua hata kipimo: siku tano za mwanzo hutafutwa NS1, protini ya kirusi chenyewe, baada ya hapo kingamwili, yaani kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi, ndizo zinazosema zaidi.

tochi_na_ndoo

Muuguzi amemaliza lililo la haraka, mimi nimjibu shemeji. Kazi yangu ni kuzunguka kaya kwa kaya na tochi, nachungulia maji ya watu. Hili la "dengue ni ya mjini" nalisikia karibu kila ua, na mara nyingi anayelisema ameegemea pipa lenye viluwiluwi.

Mbu wa dengue, Aedes aegypti, hana haja na kinamasi wala mto. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na watu. Sasa nani huhifadhi maji mengi ndani ya vyombo? Yule ambaye bomba halijamfikia. Utafiti mmoja wa Vietnam uliochapishwa 2011 ulikuta hatari kubwa zaidi katika sehemu zenye watu kama 3,000 hadi 7,000 kwa kilomita ya mraba, tena zisizo na maji ya bomba. Vijiji vilivyosongamana na pembezoni mwa miji vilikuwamo. Katikati ya jiji, penye watu wengi kuliko hapo, hatari haikuwa kubwa kiasi hicho, maana bomba lipo.

Tena mbu huyu haruki mbali, mara nyingi ni ndani ya mita mia chache tu. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu jirani wa ng'ambo, mulika pipa lako. Mulika ukutani pia, juu kidogo ya usawa wa maji, kwa sababu hapo ndipo anapotaga. Mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, mvua ikinyesha au ukijaza maji yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu, suuza, kisha funika kwa kifuniko kisichoacha mwanya au kwa kitambaa kilichokazwa. Fanya hivyo kila wiki, kwa kuwa kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku saba hadi kumi kukiwa na joto.

Pipa kila mtu analikumbuka. Wanachosahau ni sahani ya kuku, tairi la kuwekea kamba za mbuzi, kifuu, na lile jungu bovu nyuma ya jiko ambalo kila mmoja anasema ni la mwenzake.

mzee_kijiwe

Maneno mengi. Waje wapulize dawa kijiji kizima, yaishe. Na hivyo vyandarua vina faida gani basi?

tochi_na_ndoo

Mzee wangu, shikamoo. Moshi wa dawa huua mbu anayeruka wakati huo. Yai na kiluwiluwi havijui kama mmepuliza, na wiki ijayo wapya wako hewani. Una kazi yake mlipuko ukiwa umeshapamba moto, ila pipa lisiposuguliwa tutakuwa tunarudia yale yale.

Chandarua hakitupwi, malaria bado ipo. Tatizo ni kwamba huyu wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, saa ambazo chandarua kimefungwa juu. Mshushieni chandarua mtoto anayelala mchana, na mgonjwa pia alale humo mchana kutwa siku za homa. Mbu akimuuma wakati kirusi kimo kwenye damu, atakipeleka kwa wengine.

Kwa tangi kubwa lisilomwagika, samaki wadogo wanaokula viluwiluwi husaidia. Vietnam walitumia Mesocyclops, vidudu vya majini vinavyokula viluwiluwi vichanga, na jumuiya nyingi za vijijini zikammaliza Aedes aegypti. Ila msivichukue kienyeji. Vidudu vya ukoo huo ndivyo hubeba mnyoo wa Guinea, ambao mtu huupata kwa kunywa maji yenye vidudu hivyo, basi penye hatari ya mnyoo huo pana masharti yake.

mkwe_wa_tatu

Tumefika jana mchana. Kipimo kimesema dengue, damu ilikuwa imekuwa nzito na presha iko chini, wakamwekea dripu papo hapo. Leo amekojoa vizuri na anagombana na wauguzi, kwa hiyo ni yeye. Diklofenaki nimeificha. Swali la mwisho: akishapona ndiyo hapati tena?

muuguzi_wa_zamu

Akigombana, nashukuru. Aina za kirusi ni nne. Aliyeugua moja hukingwa nayo kwa miaka mingi, lakini kwa zile tatu kinga hudumu miezi michache tu, na maambukizi ya pili ya aina tofauti ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa makali. Cuba aina ya 1 ilipita mwaka 1977, watu wengi wakaumwa kawaida. 1981 ikaingia aina ya 2 na watu 158 wakafa. Kwa hiyo andikeni kwenye daftari lake la kliniki kwamba ameugua dengue, na tarehe. Chanjo ipo: mwaka 2023 WHO ilipendekeza moja ya dozi mbili kwa watoto wa miaka 6 hadi 16, penye maambukizi mengi. Ulizeni kama imefika kwenu.

mkwe_wa_tatu

Nitaandika. Shemeji ameanza kusugua mapipa, anadai wazo ni lake.

tochi_na_ndoo

Mwacheni adai. Mwambie tu asisahau upande wa ndani wa kifuniko.