Naomba ushauri: apu ya michoro ya mitaani Mwanza, nimekwama

Jiwe Juu ya Jiwe (mwenye uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Natengeneza apu ya simu. Unaifungua ukiwa Mwanza, inakuonyesha kwenye ramani michoro ya ukutani iliyo karibu nawe, nani kachora, na kitufe cha kumtumia mchoraji chochote. Watu wanachora kweli hapa kwetu: kuta za shule, vibao vya saluni Mabatini, mitumbwi pale Mwaloni Kirumba. Ila mchoraji akishalipwa ya rangi ndiyo basi, hata jirani yake hajui kama ni yeye.

Nilipokwama: nianze na Android peke yake au niweke na iPhone? Na ramani, ya Google au OpenStreetMap? Programa wangu anasema hivi, rafiki yangu anasema vile, usingizi sipati. Matusi hapana tafadhali.

Furu Mkavu
Android, hilo halina mjadala. Google wanakutoza dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Ramani chukua OpenStreetMap, mtu anaihifadhi kwenye simu na anaifungua hata bando likikata. Na faili liwe jepesi, simu za watu zimejaa video za harusi.

Dagaa wa Mchana
Mimi niliwahi kutengeneza apu ya kuuza sato. Waliopakua ni mimi na mke wangu. Halafu yeye akaja kuifuta, alikuwa anatafuta nafasi ya picha za kipaimara. Songa mbele tu mkuu, usiogope.

Mzee wa Thina
Kijana, nimechora vibao miaka mingi. Kinyozi anakuletea sura ya mwanamuziki wa Marekani kwenye simu iliyopasuka kioo, unahangaika na rangi ya mafuta juani mpaka pua inatoka sawasawa. Mwezi haujaisha, kampuni ya simu inakuja kumpakia duka lote bure, na kichwa chako kiko chini ya rangi yao. Mwenye duka anachekelea, kapata ukuta mpya.

Kwa hiyo hiyo apu iandike tarehe picha ilipopigwa, na iwe na sehemu ya mtu kubonyeza kwamba mchoro umeshafutwa. La sivyo utamtoa mtu Nyegezi na nauli yake ya daladala, aje kukutana na tangazo la bando. Tena wachora vibao muwahesabu. Nyie vijana mkisikia sanaa ya mtaani mnawaza spreyi tu.

Dada wa Isamilo
Mwenye uzi, hicho kitufe cha kutuma chochote, pesa inakwenda wapi? Na hao wachoraji umeongea nao?

Jiwe Juu ya Jiwe
Asante sana Furu. Mzee wa Thina shikamoo, hilo la tarehe nitalifanyia kazi. Dada, pesa ni kwa simu tu, utaratibu wa kawaida. Vipi kuhusu iPhone kwa ajili ya watalii wanaoenda kisiwa cha Saanane?

Dada wa Isamilo
Utaratibu wa kawaida ni upi? Laini ya nani?

Dagaa wa Mchana
Nimevuta kiti.

Jiwe Juu ya Jiwe
Sawa, niseme tu. Apu imeshaanza kutumika, ni ya majaribio. Pesa inaingia kwenye laini ya shemeji yangu kwa sababu ana lipa namba ya duka lake, halafu mwisho wa mwezi ndiyo nagawa. Nakata asilimia 30 ya seva na programa, na programa nilishamlipa kutoka humo humo. Wachoraji wote sijawafikia. Wengine hawana lipa namba, wengine laini wamesajiliwa na ndugu, wengine walishahama. Ningesubiri mpaka lini? Na picha nimepiga mwenyewe, ukuta uko barabarani, kila apitaye anauona. Mimi ndiye ninayewatangaza jamani.

Wakili wa Kata
Ndugu, kuuona ukuta ni jambo moja, kuuingizia pesa ni jingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapoumbwa. Kujisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi, lakini asiyejisajili hajapoteza haki yake. Na usidhani michoro ya ukutani ni vitu vya kuokota. New York kulikuwa na jengo la 5Pointz lililojaa michoro, mwenye jengo akaipaka chokaa usiku mmoja mwaka 2013. Mwaka 2018 mahakama ikamwamuru awalipe wachoraji 21 jumla ya dola milioni 6.7. Hiyo ni sheria ya Marekani, siyo yetu, lakini jengo lilikuwa lake na bado aliamriwa kulipa.

La pili ndilo linalonitisha. Ukishika pesa za watu ili uzigawe baadaye, unagusa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na huko msimamizi ni Benki Kuu. Shemeji na duka lake anajua hilo? Kila mchoraji awe na lipa namba yake, apu ionyeshe tu. Asiye nayo, picha yake ikae bila kitufe mpaka apatikane.

Furu Mkavu
Naunga mkono. Na hiyo namba msiibandike ukutani, ikae ndani ya apu. Ukutani mtu atabandua usiku abandike yake, na mchango utaingia kwa muuza mishkaki. Mlipaji huwa anaona jina kabla hajaweka namba ya siri, basi apu imwambie jina analotakiwa kuliona.

Sungusungu Mstaafu
Wakuu, mnamwaga elimu bure. Nimeitafuta hiyo apu Play Store, haipo. Na huyu huyu mwezi uliopita alikuwa anauliza bei ya vifaranga vya kuchi, akasema yeye ni mwalimu Geita. Hii chai, tena ya tangawizi.

Dagaa wa Mchana
Andazi langu nimeshalichovya.

Jiwe Juu ya Jiwe
Vifaranga ni vya mama. Play Store bado, faili natuma WhatsApp kwa anayehitaji.

Sungusungu Mstaafu
Faili la WhatsApp, linaomba pesa, laini ya shemeji. Kama siyo chai basi ni utapeli. Chagua mwenyewe.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mtu yeyote wa Mabatini anithibitishie. Ukipanda zile ngazi za mawe, ramani inakwambia umefika, kumbe umesimama mbele ya jiwe kubwa kuliko nyumba. Mchoro uko upande wa pili. Inabidi uzunguke nyuma ya choo, upite chini ya kamba ya nguo, ndipo unamwona sangara amevaa kofia ya nahodha. Hilo sikulitunga, nilichubuka goti.

Mzee wa Thina
Huyo sangara namjua. Jicho moja kubwa kuliko jingine, sivyo? Mwenye nyumba aligoma kumalizia hela na kijana akaliacha hivyo hivyo. Nilimfundisha mimi kuchanganya rangi. Sasa hivi yuko Ukerewe, anaandika majina kwenye mitumbwi.

Sungusungu Mstaafu
Haya, nimerudisha kikombe jikoni. Sangara ameingiza shilingi ngapi?

Dada wa Isamilo
Hilo ndilo swali.

Jiwe Juu ya Jiwe
Siyo nyingi. Ndiye anaongoza, watu wanampenda, ila siyo nyingi. Mzee, naomba namba yake inboksi nimtumie chake ikishatoka ile asilimia. Na la iPhone, wakuu?

Mzee wa Thina
Namba sikupi. Nimeshamtumia ujumbe, anauliza asilimia ya nini. Weka namba yako hapa akupigie mwenyewe. Yako, siyo ya shemeji.