Tupeane uzoefu: vazi ulilodhani ni la kwenu peke yenu, ukalikuta ugenini

Binti Makorora:
Habari za jioni wadau. Mwaka jana nilimfuata mume wangu Mahajanga, Madagaska, alikokuwa na kazi bandarini. Siku ya pili naingia sokoni, namwona mama kaning'iniza vitambaa, nikasimama kama niliyeitwa jina. Kanga! Pindo pande zote, mji katikati, na maandishi yamekaa palepale panapokaa jina la kanga. Nikakivuta nisome, sikuambulia kitu: "Izay mitambatra vato, izay misaraka fasika." Jirani yetu, bibi mmoja wa Kingazija, ndiye aliyenifasiria: wanaoungana ni jiwe, wanaotengana ni mchanga.

Wenyewe wanakiita lambahoany, na maneno yale ni methali zao. Nilicheka mwenyewe. Mimi nimekulia Tanga, nimeona watu wakisemana kwa kanga mpaka mmoja akahama nyumba, nikajua mambo hayo ni yetu tu. Tofauti niliiona nilipofika nyumbani na kukitandaza kitandani: katikati pana picha kabisa, ng'ombe wa nundu na watu wako shambani. Mie nimezoea maua na korosho.

Haya, wewe ulikutana na nini? Leteni.

Mpemba wa Maskati:
Niko huku mwaka wa kumi na moja. Kofia yangu ya vitobo alinishonea shangazi Wete, kwa mkono, miezi. Siku moja kazini Mwomani mtu mzima akaniuliza kumma hii imeshonwa wapi. Nikamwambia Pemba. Akaivua ya kwake, tukaziweka mezani ubavu kwa ubavu: vitobo vilevile, vimezungushiwa uzi vilevile. Kumbe ya kwake kashonewa na mama yake, mzaliwa wa Unguja. Sasa hapo sema nani kamwiga nani.

Kanzu ndiyo iliyoniumbua. Ya Kiomani haina kola, na shingoni ina kishungi kifupi wanachokitia manukato. Mimi Idi ya kwanza nikatoka na ya kola niliyoshonesha Darajani. Watoto wa mwenye nyumba wakaniuliza kama natoka Saudia.

Shemeji wa Masaka:
Heri wewe uliulizwa na watoto. Mimi nilitoka Bukoba kwenda kujitambulisha ukweni, kwanjula wenyewe wanaita, na kanzu nyeupe pee nimeinyoosha kwa pasi ya mkaa. Msemaji wetu akanitazama kifuani, akashika kichwa. Kanzu ya Kiganda ina urembo wa uzi wa damu ya mzee, unazunguka shingo na kushuka kifuani, na juu yake unapiga koti. Yangu haikuwa na hata doa. Ikabidi dereva wetu, Mganda, anivulie ya kwake. Mfupi yule! Nimeposa na vifundo vya miguu viko nje, picha zipo mpaka leo.

Shangazi zake wamekaa mkekani na magomesi, mabega yamesimama, mshipi mpana kiunoni. Nilipouliza jina hilo limetoka wapi, nikaambiwa kwa fundi wa Kigoa, mtu wa Goa kule India, aliyeitwa Gomes. Yaani kanzu imekuja na Waarabu, gauni kalishona Mgoa, na bila hivyo viwili mke hupewi.

Baharia Mstaafu:
Kwenye meli jioni hakuna suruali. Msomali na macawiis yake, Myemeni na futa, Mwindonesia na saruni iliyoshonwa duara kama gunia, mimi na msuli wangu. Mtu wa Kerala wa kwao anauita mundu, akifanya kazi anaukunja mara mbili mpaka magotini. Nahodha msaidizi, mzee wa kwao, akitokea tu, ule mkunjo unaachiwa mpaka chini kabla ya salamu. Nilidhani unamfunguka kila mara, nikawa namcheka. Mwezi wa pili ndipo nikajua ni adabu.

Mwalimu Pensheni:
Msisahau kitenge. Asili yake ni batiki za Java. Waholanzi waliziiga kwa mashine wawauzie watu wa huko huko, soko likaja kushika Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, inachapa tangu 1846.

Shemeji wa Masaka:
Mwalimu, hilo ni somo. Uzoefu uko wapi?

Mwalimu Pensheni:
Uzoefu ni kwamba nilimwambia hayo mke wangu siku ya sare ya harusi. Nililala sebuleni.

Binti Makorora:
😂😂 Mwalimu pole.

Jamani, nina swali la dharura. Kile kitambaa cha Mahajanga nimekiloweka beseni moja na doti ya marehemu mama, ile nyeupe yenye pindo jeusi. Kimechuja. Mji wote umekuwa waridi. Fundi yeyote humu anayejua cha kufanya kabla sijaianika?