Juzuu ya kwanza ya Berserk, Shingeki no Kyojin au Claymore: ipi inamfaa msomaji mgeni?

Wino Mweusi (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu. Jana usiku nimemaliza juzuu ya kwanza ya Berserk, manga (katuni ya Kijapani ya kitabu) ya marehemu Kentaro Miura, na nimebaki na kinyongo. Michoro yake sina la kuisema ila sifa, lakini huyu Guts, mhusika mkuu ambaye natakiwa kumfuata kwa juzuu zaidi ya 40, hajanipa hata sababu moja ya kumpenda. Anawadharau wanyonge waziwazi, anamfukuza Puck, yule kiumbe mdogo mwenye mabawa ambaye hajamkosea lolote, na mji wa Koka anauacha unateketea nyuma yake huku akienda zake kana kwamba alipita kuomba maji ya kunywa. Kurasa za mwanzo kabisa, ambazo kwa heshima ya jukwaa sitazisimulia, zilinifanya nifunge kitabu na kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Juu ya meza ninazo juzuu mbili nyingine za kwanza ambazo sijazigusa: Shingeki no Kyojin (Attack on Titan) ya Hajime Isayama na Claymore ya Norihiro Yagi. Naomba mnilinganishie hizi tatu kwa kuangalia juzuu ya kwanza peke yake, kwa maana kila ninayemuuliza hunijibu kwamba nivumilie, mbele ni kuzuri. Mimi nauliza kuhusu hapa nilipo. Tafadhali msinimalizie utamu kwa kutaja yajayo.

Karatasi 77

Ndugu mleta mada, mimi nakuelekeza kwenye Shingeki no Kyojin bila kusita, na nitakueleza kwa nini bila kufichua jambo lolote lililo nje ya sura ya kwanza.

Watu wa kisa hiki wanaishi ndani ya kuta kwa kuyaogopa majitu yanayowala. Kabla jitu lolote halijavunja ukuta, kuna kikosi cha upelelezi kinachorudi mjini kutoka nje, na mama mmoja anajipenyeza katikati ya umati akimtafuta mwanawe Moses. Anakabidhiwa kifurushi cha kitambaa, na ndani yake mna mkono tu. Mama huyo anauliza kama angalau kifo cha mwanawe kimesaidia kitu, na kamanda, ambaye angeweza kumdanganya kwa huruma, anaangua kilio na kukiri mbele ya watu wote kwamba hawajapata lolote. Sijaona katika manga ya aina hii utangulizi unaomweleza msomaji hali ya ulimwengu kwa kurasa chache namna ile. Baada ya hapo, kichwa cha lile jitu kubwa kinapotokea juu ya ukuta wenye kimo cha mita 50, unajua tayari kwamba hakuna wa kuja kuokoa.

Jambo la pili ni kwamba mwandishi anakupa kanuni mapema. Jitu hufa likikatwa kisogoni, mahali penye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 10, na mahali pengine popote nyama yake hujirudia. Ukishaijua kanuni hiyo, kila pambano unalisoma ukipima umbali kwa macho, na hofu yako inakuwa na hesabu ndani yake. Katika Berserk juzuu ya kwanza hakuna anayekueleza kitu. Upanga unashuka, zimwi linapasuka, basi.

Dosari yake kubwa ni uchoraji. Isayama alikuwa na umri wa miaka 23 kazi hii ilipoanza kuchapishwa mwaka 2009, na mikono ya wahusika wake wakati mwingine inaonekana kama imeazimwa kwa watu wengine. Hata hivyo ukakasi huo unayafaa majitu yenyewe, kwa sababu kinachotisha katika sura zao ni kwamba zinafanana na za watu, ila kuna kitu hakikukaa sawa. Ukurasa wa mwisho wa juzuu sitausema.

Mzee wa Juzuu

Nimesoma hoja ya Karatasi 77 na nusu yake naiunga mkono. Ila umri usiwe kisingizio, kwa kuwa Miura naye alikuwa na miaka 23 Berserk ilipoanza mwaka 1989, na tazama mwenyewe mistari ya kalamu katika juzuu ile.

Nije kwenye malalamiko ya mleta mada. Umesema Guts hajakupa sababu ya kumpenda, na nakubali, lakini nadhani umekisoma kitabu kama vile kusudi lake lilikuwa umpende na likashindikana. Mimi naona juzuu hii imekusudiwa kukuweka mahali alipo Puck. Puck hajui mtu huyu ametoka wapi, hajui kwa nini ana jicho moja, nani alimkata mkono hadi akavaa wa chuma wenye mzinga ndani yake, wala ile chapa shingoni inayovuja damu mazimwi yanapokaribia ni ya nini. Anamfuata kwa udadisi uliochanganyika na kuchukizwa, na ndivyo ulivyomfuata wewe hadi ukurasa wa mwisho.

Rudi kwenye sura ya pili, ile ya kasisi mzee na binti Colette wanaompa Guts nafasi katika gari lao la farasi. Wengi huipita haraka kwa sababu imekaa katikati ya sura mbili zenye maadui wakubwa wa kupigana nao. Guts hataki kupanda, na wema wao unamkera. Binti yule anamhudumia kama anavyohudumiwa mgeni, na usiku unapoingia mifupa ya wafu inawafuata kwa sababu ya chapa ileile. Colette anauawa, maiti yake inainuka, na Guts analazimika kuukata mwili wa mmoja wa watu wachache waliomtendea wema katika juzuu nzima. Ukishaisoma sura hiyo polepole, jiulize kama kumfukuza Puck ni ukatili mtupu. Kitabu hakikujibu, na wala hakimpi Guts nafasi ya kujieleza, jambo ambalo mwandishi mwoga angelifanya katika ukurasa uleule.

Kuna suala la toleo pia. Sura ya tatu inaanzisha kisa cha Bwana Mtawala mmoja ambacho hakimaliziki hadi juzuu ya tatu, kwa hiyo aliyenunua juzuu moja moja anaachwa katikati ya sentensi. Mwaka 2019 mchapishaji wa Kiingereza, Dark Horse, alianza kutoa toleo la jalada gumu linalokusanya juzuu tatu katika kitabu kimoja, na nimegundua kwamba waliolianzia hilo hawalalamiki kama mleta mada, kwa kuwa wanafika mwisho wa kisa kabla ya kuamua. Nimesema hivi bila kufichua lolote; nimetaja tu mahali mlango ulipo.

Binti Simulizi

Mzee wangu, kwa heshima zote natofautiana nawe. Mleta mada ametuomba tupime juzuu ya kwanza, nawe umemwambia anunue tatu. Kitabu kinachohitaji vitabu vingine viwili ili kieleweke kimebeba deni, hata kama deni lenyewe hulipwa baadaye kwa faida. Nami nakumbuka kwamba filamu tatu za Berserk za mwaka 2012 na 2013 ziliacha kabisa mwanzo huu na kuanzia kwenye maisha ya awali ya Guts, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayeona kwamba mlango huu una kizingiti kirefu.

Mimi namwelekeza kwenye Claymore, iliyoanza mwaka 2001 na kukamilika mwaka 2014 kwa juzuu 27, jambo ambalo kwa msomaji mgeni si dogo, kwani anajua safari ina mwisho. Mhusika mkuu ni Clare, mmoja wa kundi la wapiganaji wanawake wanaolipwa kuua mazimwi. Clare anapoingia kijijini kuwinda yoma, mazimwi yanayokula matumbo ya watu na kuvaa sura zao, naye ni mkavu kama Guts na ana upanga mkubwa vilevile. Tofauti ni kwamba Yagi anakuonyesha mapema gharama ya ukavu huo. Mkuu wa kijiji anapotaka kumlipa, Clare anakataa kupokea na kusema kwamba atakuja mtu mwingine kuchukua malipo, na kwamba endapo yeye mwenyewe atauawa, hawatadaiwa kitu. Mwanamke anataja kifo chake kama mtu anayesoma risiti. Mimi nilisimama hapo. Wanakijiji wanaomhitaji ndio haohao wanaomwogopa kwa sababu ya macho yake ya rangi ya fedha na zimwi lililochanganywa katika mwili wake, na mvulana Raki, ambaye familia yake imeliwa, ndiye wa kwanza kumtazama kama mtu.

Kisha Raki anafukuzwa na kijiji chake, anamfuata Clare, na kazi anayojipatia ni kumpikia mtu ambaye hali ila kidogo sana. Katika juzuu hiyo kuna utulivu ambao hizo nyingine mbili hazina, ninyi mnaopenda vichwa viruke mtanisamehe.

Kasoro ipo, nami sitaificha. Wapiganaji wote wa kundi lile wana nywele za rangi hafifu na mavazi yanayofanana, na kadiri wanavyoongezeka utajikuta unarudi nyuma kuangalia nani amesema nini. Katika juzuu ya kwanza tatizo hilo ni dogo.

Kibwengo

Mbona hakuna aliyeitaja Chainsaw Man, manga ya Tatsuki Fujimoto? Mhusika wake mkuu, Denji, anaanza na deni la zaidi ya yeni milioni 38, ameshauza figo na jicho, na ndoto yake kubwa ni mkate wenye jemu. Ukimpenda Guts baada ya juzuu tatu, huyu utampenda baada ya kurasa tatu.

Karatasi 77

Kibwengo, haikutajwa kwa sababu haipo mezani kwa mleta mada, na kwa sababu kulinganisha kwake kunahitaji tahadhari. Kazi ya Fujimoto ilianza katika jarida la kila wiki, kwa hiyo juzuu yake ya kwanza ina sura saba fupi, na kila moja lazima imalizikie kwenye ndoano ya kumrudisha msomaji wiki inayofuata. Hizi tatu zote zilianza katika majarida ya kila mwezi. Berserk ina sura tatu tu katika juzuu nzima, Shingeki no Kyojin ina nne, na nafasi hiyo ndiyo inayomruhusu Miura kutumia kurasa mbili zilizofunguka kwa pigo moja la upanga. Naongeza kwamba Berserk ililenga watu wazima tangu mwanzo, ilhali hizo mbili nyingine zilitoka katika majarida ya wavulana. Kwa hiyo zile kurasa zilizomfanya mleta mada afunge kitabu hatazikuta huko, ingawa damu ataikuta ya kutosha.

Kuhusu hoja ya Mzee, nimekwenda kuisoma tena sura ya pili na nakiri kwamba niliipuuza. Bado nasema msomaji mgeni asibebeshwe kazi ya kumtetea mhusika ambaye kitabu chenyewe hakimtetei.

Mzee wa Juzuu

Binti Simulizi, nimekubali kuhusu deni. Lakini hizo filamu unazozitaja ndizo ushahidi wangu. Anayeanzia zamani za Guts anajua kila jeraha kabla hajaliona, na akifika kwa yule Guts mkatili wa Koka anamhurumia papo hapo. Anayeanzia kwenye juzuu ya kwanza anamchukia kwanza, kisha analazimika kuitazama chuki yake upya. Mfululizo wa katuni za televisheni wa mwaka 1997 ulilielewa hilo, ndiyo maana kipindi chake cha kwanza kilibaki na Guts huyu mwenye hasira kabla ya kurudi nyuma.

Wino Mweusi (mleta mada)

Nawashukuru wote. Shingeki no Kyojin nimeisoma leo kwa kikao kimoja, baada ya kupoteza karibu nusu saa nikisoma kurasa za mwanzo kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali manga husomwa kutoka kulia, huku nikistaajabu kwamba watu wanajibu maswali kabla hawajaulizwa. Mnaweza kucheka. Karatasi 77, ule mkono katika kitambaa umenikaa kichwani, na ukurasa wa mwisho umenifanya niagize juzuu ya pili papo hapo. Kama swali ni ipi inamshika mgeni, basi kwangu ni hiyo, na sioni ubishi. Claymore nimefika nusu. Dada yangu, pale penye malipo nami nilisimama.

Hata hivyo jambo moja linanisumbua. Katika hizo mbili, nikifunga kitabu nawaza nini kitatokea baadaye. Katika Berserk nawaza nini kilitokea kabla. Nimerudi kwenye sura ya pili kama Mzee alivyoelekeza, nikaanza kumtazama Guts pale anapoambiwa apande gari la kasisi. Mara ya kwanza nilimwona ni mtu mwenye kiburi anayekataa msaada. Safari hii nimeona kwamba kila neno la ukali analolitoa katika kurasa zile linamsukuma mtu ambaye, akibaki karibu naye hadi giza liingie, atakufa. Sijui bado kama nampenda. Mzee, hilo toleo la juzuu tatu kwa pamoja lina ukubwa uleule wa picha, au kurasa ni pana zaidi?

Mzee wa Juzuu

Ni pana zaidi. Soma ukiwa umekaa mezani, kwa sababu ukikisoma umelala kitakuangukia usoni.