Naomba ushauri: vipindi vya podikasti vya Kiingereza na Kifaransa kwa waongoza watalii Kilwa

Wakuu, habari za kwenu. Tunakusanya vipindi vya kusikiliza kwa vijana wanaopeleka wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Kiingereza tunaanza na 6 Minute English ya BBC: ni fupi, na maandishi yake yapo tovutini. Kifaransa tuna habari za lugha nyepesi za RFI, dakika 10, ila msamiati wa msikiti, kuba na biashara ya dhahabu humo ni nadra. InnerFrench, podikasti ya wanaojifunza Kifaransa, inaeleweka vizuri sana, lakini kipindi ni kama nusu saa na anayeanza huchoka katikati.

Naombeni mtaje kipindi chenyewe, jina na namba, si podikasti nzima. Kiwe cha historia au bahari, msemaji mmoja, dakika 10 hadi 20, chenye maandishi. Wasemaji wakidakizana, mwanafunzi wa Kifaransa hajui neno limeishia wapi, maana maneno yenyewe huungana.

Faili la sauti la kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo tunapakua kwanza kwa waifai kupitia AntennaPod, programu ya simu ya kusikilizia podikasti. Kasi ya kusikiliza tunaweka 0.8 ya kawaida, ukishusha sana sauti inavutika. Mwenye cha Kifaransa aanze, huko ndiko tumepungukiwa zaidi.