Naomba ushauri: je, kuweka malengo yenye tarehe ni kukosa imani?

Wapendwa katika Bwana, mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, Kisumu. Nimeandika malengo mawili kwenye daftari ninaloandikia vipimo vya wateja: kununua cherehani ya umeme kwa akiba ya chama kabla ya Agosti, na kufanya mtihani wa serikali wa ufundi mwishoni mwa mwaka.

Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye ninamheshimu sana, ameniambia kwamba kuweka tarehe ni kumwekea Mungu mipaka, akanisomea Yakobo 4:13-15. Kwa maoni yangu, Yakobo anakemea majivuno wala si mipango, kwani anatufundisha kusema "Bwana akipenda". Na katika Luka 14:28 Yesu mwenyewe anamtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara.

Linalonitatiza zaidi ni fedha, kwa sababu ada ya mtihani inaangukia miezi ile ile ya mchango wa ujenzi wa kanisa (fungu la kumi siligusi). Je, niahirishe mtihani, au nipunguze mchango? Na mzee huyo nimjibuje bila kumvunjia heshima?