Mzee ana sukari, kidonda cha unyayo wiki ya saba hakifungi

mtoto_wa_mzee: Wakuu habari za humu. Mzee wangu ana sukari mwaka wa 12 sasa, anameza metformini na vidonge vingine. Alichomwa na waya uliotokeza kwenye katambuga na wala hakushtuka, sisi ndo tukaona damu kwenye mkeka. Kidonda kiko chini ya dole gumba, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, pembeni kuna sugu nyeupe ngumu. Tunaosha na haidrojeni paroksaidi halafu tunanyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili, juzi bi mkubwa kaongeza majani ya muarobaini. Hakimuumi kabisa, anatembea zake mpaka msikitini. Sukari asubuhi inasoma 14 mpaka 17. Kuna mtu kanambia asali, vp?

fundi_baiskeli: Pole sana. Sasa hapo kwenye "hakimuumi" ndo pananitisha, mama mdogo alikuwa anasema hivyohivyo mpaka vidole viwili vikaondoka.

nesi_wa_zamu: Mkuu nipo chumba cha kufungia vidonda, nikwambie ukweli. Sukari imeshaua mishipa ya fahamu ya mguu ndo maana hasikii, kwahiyo mnaosha jioni asubuhi anakikanyaga tena, kitafungaje? Dawa ya kwanza ni ule mguu usibebe uzito. Paroksaidi acheni, inaunguza na nyama changa inayoota, tumieni maji ya drip yale ya chumvi. Unga wa vidonge unaganda juu, usaha unabaki chini. Hiyo sugu inatakiwa ichongwe na mtu anayejua, msishike wembe nyumbani. Apelekwe kesho sio wiki ijayo, wapime kama damu inafika mguuni na wampige eksirei, kidonda cha wiki saba chenye sugu hivyo kinaweza kuwa kimeshagusa mfupa. Na sukari ya 17 inawalegeza askari wa mwili, wengi inabidi waanzishiwe insulini kwa muda. Ulizia na sindano ya pepopunda. Mkiona weusi, harufu, wekundu unapanda au homa, ni usiku huohuo. Asali ipo ya hospitali iliyosafishwa, ya kwenye chupa ya konyagi mtaani sijui imepitia wapi.

mzaramo_halisi: Hospitali wanakimbilia kukata tu!!

nesi_wa_zamu: Wanaokatwa wengi tunaletewa mguu umeshakuwa mweusi ndugu yangu, wametokea kwa mganga.

mtoto_wa_mzee: Mrejesho. Tulienda. Daktari kaingiza kijichuma kwenye kidonda, kikagusa mfupa palepale, mzee anamwangalia tu kama mguu sio wake, mi ndo nikatoka nje. Eksirei imeonyesha mfupa umeanza kuliwa, kapewa antibayotiki za wiki 6 na insulini, sugu wameichonga, wakampa kiatu kinachoning'iniza mbele ya mguu ili kidonda kisikanyagwe. Sukari leo 9. Kwa chini pameanza kuwa pekundu kama nyama mbichi, sijui ndo vizuri?

nesi_wa_zamu: Ndo vizuri. Hiyo ndo nyama mpya.

mtoto_wa_mzee: Shida iliyobaki msikitini, hataki kusikia habari ya kukaa nyumbani.

fundi_baiskeli: Mwambie imamu amshauri aswali nyumbani kwenye kiti, wewe hakusikii ila imamu atamsikia.